Treni ya Saa Tatu

Treni sita ziligongana kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Nasema sita kwa kukisia, maana ilikuwa kufumba na kufumbua: skrini iliwaka, ikapiga mlio mmoja mkali, kisha yakabaki maandishi meupe juu ya weusi. AJALI. MKUU WA STESHENI AMEFUKUZWA KAZI.

"Nimefukuzwa?" aliuliza Mzee Lugendo, akisogeza miwani.

"Umefukuzwa, Mzee. Hata kiti hakijapata joto."

Alicheka mpaka akakohoa. Ana miaka themanini na tano, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mifukoni, na tangu aanze kuja kwenye karakana yangu sikuwa nimemsikia akicheka namna ile.

"Ndiyo yenyewe," alisema akipangusa macho. "Dada Kalunde hakuwa na masihara na kazi. Endelea, mwanangu. Imeamka."

Kuamka iliamka, lakini na kichaa juu. Kompyuta ninayotumia kuamshia programu za zamani ni ndogo, kipande cha sabuni kinaizidi, na kazi yake yote ni kujifanya. Ukiiambia ijifanye mashine ya mwaka fulani, inajifanya, hata maradhi ya mashine ile inayaiga. Shida huwa mwendo. Kalunde, dada yake Mzee, alipouandika mchezo wake kwenye DOS, mfumo wa kompyuta za enzi zile, hakuwa na namna rahisi ya kuiambia treni itembee polepole, kwa hiyo aliiagiza mashine ihesabu moja mpaka elfu mbili, kisha isogeze treni hatua moja. Mashine ya ofisi yake ilihesabu elfu mbili kama mtu anayepanda ngazi na ndoo ya maji kichwani. Yangu humaliza kabla hujatamka "moja". Basi asubuhi ile kazi yangu ilikuwa kuitia uvivu. Nikapunguza mizunguko, ajali. Nikapunguza tena, ajali. Mzee Lugendo alifukuzwa kazi mara nane kabla ya chai. Mara ya tisa treni ya kwanza, vijisanduku vinne vya kijani, ilijikokota kutoka upande wa Kigoma kama inayoumwa miguu.

"Hapo hapo," Mzee alisema. "Usiguse tena."

*

Jina langu ni Tabu, na mzaha wa mji huu haujawahi kuchoka: ukiwa na tabu, mpelekee Tabu. Karakana yangu ni chumba cha tatu katika jengo la stesheni ya zamani, hapa Tabora. Treni za siku hizi hupita stesheni mpya, nje ya mji, kimya kama paka. Huku kwetu zimebaki reli zenye kutu, nyasi, na mbuzi wa jirani. Wateja wengi huniletea vitu vyao kwa sababu niko karibu na soko, lakini Mzee Lugendo alikuja kwa sababu ya chumba.

Siku ya kwanza aliitikia shikamoo yangu huku akizitazama kuta. "Hapa ndipo dada yangu alipokuwa akikaa," alisema. "Meza yake ilikuwa pale, ulipoweka shelfu. Alikuwa mpiga chapa wa reli. Kompyuta ilipoletwa, wakubwa wa ofisi waliiogopa, wakamsukumia yeye. Miezi sita baadaye ikawa inamtii yeye peke yake."

Mkononi alikuwa na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake, kwenye kipande cha khanga, zilikuwamo disketi tatu. Mbili zimeandikwa RELI kwa kalamu ya bluu, ya tatu imeandikwa BARUA ZA OFISI.

"Nilikuwa na miaka kumi," aliniambia. "Mwaka ule, Januari, nililetwa mjini kukaa naye. Nikitoka shule saa tisa na nusu napita hapa, ananikalisha mbele ya mashine nicheze wakati yeye anafunga makabati. Akaniambia: siku utakayozifikisha treni zote kumi na mbili salama, mchezo wenyewe utakupa neno langu. Kumi na moja nilizifikisha mara nyingi tu. Ya kumi na mbili haikuja. Nikamuuliza dada, mbona ya mwisho haiji? Akacheka. Ngoja shule zifungwe, alisema."

Akalifunika kopo.

"Shule zilifungwa Juni. Yeye tulimzika mwisho wa Mei."

Nikasema pole, ile pole ya kuchelewa miaka sabini na tano.

"Nimeshapoa," alisema. "Lakini lile neno ni langu, na nalitaka kwa haki. Usilisome kabla yangu, fundi. Na usinisaidie kushinda."

Nikaahidi yote mawili. Kuahidi siku ya kwanza ni rahisi.

Sumaku ya disketi huzeeka kama watu. Haifi kwa siku moja, inapunguza sauti mpaka inakuwa mnong'ono. Nilisoma kila duara la disketi mara mia mbili, na pale majibu yalipopingana nikapiga kura: kilichosemwa na wengi ndicho nilichoandika. Orodha ya mafaili ilipotokea, niliangalia saa alizoyahifadhi. 01:55. 02:10. 03:40. Nikazigeuza kichwani kama fundi yeyote anavyozigeuza: saa nane kasoro usiku, saa nane na dakika kumi usiku, saa kumi kasoro. Nikamwonea huruma Kalunde. Dada wa watu, mchana anapiga chapa barua za wakubwa, usiku wa manane anarudi kumtengenezea mdogo wake mchezo.

Neno lenyewe nililiona pia, mwisho wa programu, lakini alikuwa amelificha kwa kusogeza herufi. Dakika moja ingenitosha kuzirudisha. Nikaifunga skrini, nikatoka nje kuwatazama mbuzi.

*

Kitu ambacho sikumweleza Mzee ni habari ya Mlezi. Nani humweleza mwenzake habari ya hewa? Kila mashine yenye skrini huzaliwa na kichipu chake, ndiyo sheria. Unaweka kidole, Mlezi anasikia mapigo ya moyo wako, na kabla hujaudhika anasogeza mambo kidogo ili ushinde. Zile ajali za mwanzo zilimpita kwa kasi tu. Jiko langu la umeme hunisifu hata nikiunguza wali. Watoto wa shule hawajui maana ya kushindwa na mashine, na wanasema ugomvi umepungua majumbani. Mimi mwenyewe nalala vizuri. Sikuwa na ugomvi na Mlezi hata kidogo.

Mzee alicheza dakika kumi. Vidole vyake vilipapasa vitufe mwanzoni, kisha vikakumbuka. "Ya Kigoma hiyo," alisema akiielekeza njia ya pili. "Ile ya kweli ilikuwa ikiingia asubuhi, mimi niko darasani. Nilipenda treni kuliko chakula na sikuwahi kuiona ikiingia hata siku moja. Darasa zima tunaisikia honi, mwalimu anagonga ubao." Halafu akaganda. "Fundi. Hizi mbili zimepishana wapi?"

"Zipi, Mzee?"

"Hizi! Hapa njia ni moja. Ya mizigo inatoka Mwanza, ya abiria inakwenda Mwanza. Tokeni ni moja, nimempa huyu wa abiria. Sasa huyu wa mizigo kapita wapi, juu ya kichwa cha mwenzake?"

Nilichungulia. Kweli, vijisanduku vya kijani na vya njano vilikuwa vimepenyana kwa adabu, kila kimoja kikaendelea na safari.

"Labda wamesalimiana," nilisema.

Hakucheka. "Njia moja, tokeni moja," alisema. "Ni kipande cha chuma, dereva asiyekishika haingii, hata kama amembeba waziri. Dada alinifundisha hilo kabla sijajua kuzidisha. Mchezo wote ni hilo. Ukiliondoa, hapa nasogeza rangi tu."

Ikabidi nimweleze Mlezi ni nani. Alisikiliza hadi mwisho, akavuta kidole chake kutoka kwenye kitufe taratibu, kama mtu aliyegundua kashika mkono usio wake.

"Mtoe," alisema. "Mimi nina vitukuu watatu, mwanangu. Umri wa kulelewa umenipita."

Hapo ndipo penye mwiba. Kwa mtu wa chini ya miaka themanini, naweza kumzima Mlezi kwa sahihi yake mwenyewe. Akivuka themanini, Mlezi hazimwi. Kushindwa kunapandisha presha, presha inaua wazee, na fundi atakayekamatwa ananyang'anywa leseni. Sheria haikutungwa na watu wabaya. Nimewahi kumwona marehemu baba yangu akipiga ngumi meza kwa sababu ya karata, na wiki ile ile tukampeleka hospitali. Kwa hiyo nilikaa na koleo mkononi muda mrefu. Nilimtazama yule mzee aliyepiga pasi shati lake kuja kufukuzwa kazi, nikawaza kwamba kumpa ushindi wa Mlezi ni kumwibia kitu akiwa amekaa mbele yangu ananishukuru.

Nikakata mguu mmoja wa kichipu. Ulitoa sauti ndogo, kama ukucha.

Niseme hapa hapa kwamba mkaguzi alikuja baadaye, akaihesabu miguu ile, akanifungia leseni miezi mitatu. Sikumbishia. Alikuwa anafanya kazi yake, na mimi nilikuwa nimeshafanya yangu.

*

Siku nne zilizofuata Mzee Lugendo alishindwa kwa raha zake. "Kaniua tena!" alikuwa akipaza sauti, na wauza karanga wa nje wakaanza kuchungulia mlangoni. Alifukuzwa kazi kwa kusahau tokeni, kwa kuchanganya Kigoma na Mwanza, mara moja kwa kupiga chafya. Kila jioni aliondoka amechoka, na kila asubuhi alirudi na mbinu mpya aliyoiota. Siku ya tano, saa tano kasoro, akafikisha treni ya kumi na moja. Skrini ikatulia. Yakatokea maandishi: SUBIRI TRENI YA MWISHO.

Tulisubiri. Chai ilipoa. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Reli za kijani zilibaki tupu, na mshale mdogo ukawa unapepesa pembeni kama jicho lenye tongotongo.

"Kama siku zile," alisema Mzee. Mabega yake yalikuwa yameshuka. "Kama siku zile kabisa."

Binti yake, Nyanzobe, ndiye aliyekuja kumchukua. Ni nesi, mwanamke wa maneno machache, rika langu. Alimwingiza baba yake kwenye gari, akarudi ndani peke yake, akaiinua ile kompyuta ndogo kwa vidole viwili na kuutazama mguu uliokatwa. Hakuuliza ni nani aliyeukata.

"Dada Tabu, mimi sitakushtaki," alisema. "Lakini nisikilize. Amelibeba neno hilo tangu mimi sijazaliwa. Wewe unaijua hiyo programu. Mpe ashinde, aridhike, yaishe. Akifa bila kulipata, haki yako hiyo nitaipeleka wapi?"

"Ameniambia nisimsaidie."

"Mimi pia huniambia hahitaji dawa."

Aliondoka. Nikaufungua mchezo na kuusoma mstari kwa mstari, nikitafuta treni ya kumi na mbili imekwama wapi. Nikaipata. Treni nyingine zote ziliendeshwa kwa kuhesabu, ila hii moja Kalunde aliifunga kwenye saa ya mashine: saa ikisoma 03:00, ilete. Basi. Saa tisa usiku. Niliutazama mstari ule kwa hasira. Mtoto wa miaka kumi angefikaje ofisini saa tisa usiku? Na mzee wa miaka themanini na tano nimkeshesheje, huku Mlezi wake nimemkata kwa koleo? Nikaona kwamba labda Kalunde alikosea, na kosa la marehemu halina wa kulirekebisha ila aliye hai. Nikatengeneza nakala ya pili. Nilibadilisha tarakimu moja tu, kumi na mbili ikawa kumi na moja. Treni ya kumi na moja ikifika, mchezo ungetoa neno. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya kitunguu.

*

"Mwangaluka, fundi," alinisalimu Mzee asubuhi, kwa kilugha chake, na sauti ilikuwa ya mtu aliyekuja kuaga.

Nakala ya pili ilikuwa tayari kwenye skrini. Akakaa, akavinyoosha vidole, akaviweka juu ya vitufe. Nikaviona vile vidole, makunyanzi yake na kucha zilizokatwa vizuri, na moyo ukanikataa.

"Mzee, usicheze," nilisema. "Huo umechezewa." Nikamweleza yote bila kupamba: tarakimu niliyobadilisha, na sababu. Binti yake sikumtaja.

Aliviondoa vidole kwenye vitufe. "Futa," alisema. Nikafuta mbele ya macho yake. "Umeniudhi," akaongeza. "Lakini umesema. Sasa niambie kilichokutia woga."

"Treni ya mwisho inakuja saa tisa usiku. Nilifikiri utaniambia tukeshe."

"Saa tisa usiku? Kalunde ndiye aliyeandika saa tisa usiku?"

"Ameandika 03:00."

"Ameandika tatu."

"Tatu ya mashine ni tisa ya usiku, Mzee. Mashine huanza kuhesabu usiku wa manane."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, cheko la mtoto, la kupiga goti. "Mashine ya nani?" aliuliza. "Mashine ya nani, fundi? Ile ya dada ilikuwa na betri mfu. Kila asubuhi ikiwashwa haijui siku wala saa, inauliza. Dada anatazama ukutani, anaona saa mbili, anaandika mbili. Ulitaka aandike nini? Bwana mkubwa wake aligomba, eti nyaraka za reli zinaonekana zimeandikwa na wachawi usiku wa manane. Dada akamjibu, bwana, mashine imekuja Tabora, itafuata saa za Tabora. Alitusimulia nyumbani tukacheka wiki nzima."

Nikairukia orodha ya mafaili. 01:55, 02:10, 03:40, na kadhalika hadi chini, na hakuna hata moja iliyopita 09:30. Saa mbili kasoro asubuhi. Saa mbili na dakika kumi. Saa tisa na nusu, kufunga makabati. Hakukesha hata siku moja, yule dada. Zilikuwa saa za ofisi, zimepangwa mbele yangu wiki nzima, na mimi Mswahili wa kuzaliwa nilizigeuza kwa sababu ufundi ulinizoeza kugeuza.

"Kwa hiyo treni inakuja saa tatu asubuhi," nilisema.

"Saa tatu asubuhi," alirudia Mzee, na kicheko kikamwisha polepole. "Nilikuwa darasani." Akavua miwani. "Ngoja shule zifungwe. Alisema hivyo, nami nikadhani ananizungusha."

Safari hii alilia kweli, kidogo, bila aibu, na mimi nikalia naye kwa kuwa sikuona sababu ya kujizuia.

Kompyuta yangu ndogo huchukua saa hewani, haimuulizi mtu. Nikaikatia hewa. Nikailazimisha iamke kama mgonjwa yule wa zamani, haijui siku wala saa, na DOS ikauliza saa ngapi. Nikampisha Mzee kwenye vitufe. Alitazama ukutani kwangu, mkono mfupi wa saa ukiwa umeipita nane kidogo, akaandika 2:10. Mchezo wa Kalunde sikuugusa hata herufi.

*

Siku ile alishindwa. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika nne, treni kumi zimefika, Nyanzobe ameingia na kusimama nyuma ya kiti, na baba yake akairuhusu ya mizigo iingie njia ya Mwanza huku tokeni ingali mkononi mwa ile ya abiria. Niliona kosa kabla yake. Nyanzobe pia aliliona, akanigeukia kwa macho ya kuomba. Nikaiweka mikono yangu mgongoni. Mlio mkali. AJALI. MKUU WA STESHENI AMEFUKUZWA KAZI.

Nyanzobe aliudaka mkono wa baba yake, akahesabu mapigo huku ametazama saa yake. Tulingoja.

"Sabini na nane," alisema, kama asiyeamini. "Baba, nyumbani ukitazama taarifa ya habari huwa inapita hapo."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," alisema Mzee. "Mchelea baba je?"

"Mchelea baba humleta tena kesho," Nyanzobe alijibu, na akamfunga kifungo cha shati.

Kesho yake walifika saa mbili kamili, na chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha. Nyanzobe alikuwa ameomba ruhusa kazini. Mzee akaandika saa mwenyewe, akaanza. Hakuongea. Ya kwanza, ya pili, ya tano. Kila mara alipotoa tokeni alitamka "shika", na kila mara aliporudishiwa alitamka "nimepokea", kwa sauti ndogo ambayo sidhani alijua inamtoka. Ya nane ilimtoa jasho. Ya kumi na moja ilipoingia, saa yangu ya ukutani ilikuwa saa tatu kasoro dakika mbili, na skrini ikaandika SUBIRI TRENI YA MWISHO.

Nyanzobe alinishika mkono. Tulikuwa hatujawahi kushikana mikono, mimi na yeye.

Kisha ikaja. Kutoka upande wa Kigoma, ndefu kuliko zote, vijisanduku kumi na viwili vya rangi nyekundu ambayo mchezo ulikuwa haujaitumia mahali pengine popote. Kispika kikapiga honi, noti mbili, moja nene na moja nyembamba. Mzee akatoa tokeni. "Shika," alisema. Treni ikapita njia moja, ikapinda, ikaingia stesheni, ikasimama. "Nimepokea."

Skrini ikafutika. Herufi zikaanza kuandikwa moja moja, kwa mwendo wa mtu anayepiga chapa.

HONGERA BWANA STESHENI. LUGENDO MDOGO WANGU, SASA INUA KICHWA UTAZAME DIRISHANI.

Tuliinua vichwa sote watatu. Mbele yetu lilikuwa shelfu langu, limejaa redio mbovu na nyaya.

"Saa tatu," alisema Mzee. "Treni ya Kigoma. Saa tatu ndiyo ilikuwa saa yake." Akalinyooshea shelfu kidole. "Alitaka nimalize mchezo, niinue kichwa, niione ya kweli inaingia."

Sikungoja niambiwe. Nililishika shelfu upande mmoja, Nyanzobe upande wa pili, tukalivuta, redio mbili zikaanguka na sikujali. Nyuma yake kulikuwa na dirisha ambalo sikuwa nimelifungua tangu nihamie, vioo vyake vimefungwa na vumbi. Nikalisukuma kwa bega. Mwanga wa asubuhi ukaingia mpaka kwenye meza, na upepo, na harufu ya nyasi.

Jukwaa la stesheni lilikuwa pale chini, karibu kiasi cha kuligusa. Reli zilikwenda moja kwa moja hadi zilipopotea upande wa machweo. Mbuzi mmoja alikuwa amesimama katikati yake, anatafuna. Hakukuwa na kitu kingine.

Mzee Lugendo aliegemea kizingiti cha dirisha kwa viwiko vyote viwili, kama mtoto, akatazama upande wa Kigoma kwa muda mrefu. Nyanzobe alinitazama. Niliogopa kwamba tumemfikisha mahali patupu.

"Imechelewa," alisema Mzee hatimaye.

Aligeuka, na uso wake wote ulikuwa unacheka.

"Hata enzi zile ilikuwa ikichelewa. Dada alikuwa anasema, ukiona imefika saa tatu kweli, ujue ni ya jana. Nyanzobe, mimina chai. Fundi, lete viti."

Nikavileta vitatu, nikavipanga dirishani, tukakaa kuingoja.